Seva ya Hospitali na Maharage Yangu ya Heru Juu

Chekeni, lakini mkimaliza mnyamaze, maana aibu hii bado inanichoma kila nikipita pale mapokezi. Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali moja hapa Kasulu (jina silitaji), na siku mfumo mzima ulipolala, aliyeulaza ni mimi na maharage yangu.

Programu tunayotumia kusimamia seva yetu ilikuwa imezeeka, walioitengeneza walishatangaza kwamba hawaizibi matundu tena, na kila nikiifungua inaniletea maandishi mekundu, hamia toleo jipya, hamia, na mimi nabonyeza "baadaye" kama nafukuza inzi. Kuhama kulitaka tufunge mfumo siku nzima, na nani angemwambia mganga mfawidhi? Halafu mvua zikaanza. Nina shamba Heru Juu, na msimu wa kupanda haumsubiri mtu, kwa hiyo nikaifungulia ile programu mlango wa mtandaoni ili umeme ukikatika na kurudi niiwashe seva kwa simu nikiwa shambani. Akili nyingi hizo! Tena nikajisifu kwenye kikao cha asubuhi, "Mimi hata nikiwa kwenye matuta naiona seva," watu wakanipigia makofi.

Alhamisi, nimeshavaa viatu vya shamba, akaja Mama Evelina kutoka Titye. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye ana uraia, na binti yake, Evelina, amepata nafasi chuo cha uuguzi, ila wanataka cheti cha kuzaliwa kabla ya Ijumaa ya wiki inayofuata, na cheti hakitoki bila uthibitisho kwamba mtoto alizaliwa hospitalini kwetu. Kadi ya kliniki iliungua na nyumba. Daftari la wodi ya wazazi lililiwa na mchwa, lakini picha za kurasa zake tulikuwa tumeziweka kwenye seva. Kuutafuta ukurasa wake ni nusu saa tu (nusu saa, jamani!).

"Mama, njoo Jumatatu," nikamwambia.

"Ego, ndiyo mwanangu, Jumatatu," akaitikia, akanishukuru kabisa.

Jumatatu nafika nakuta kila kompyuta ina maandishi ya Kiingereza, kwamba mafaili yote yamefungwa na wanaotaka kufunguliwa walipe. Mapokezi pamejaa wagonjwa, na mimi kwa kimbelembele changu nikasimama mbele yao: "Ni umeme tu, dakika kumi." Saa tatu zikapita, manesi wanaandika majina nyuma ya kalenda za zamani. Mganga mfawidhi akatoka, mama mmoja asiyejua kunong'ona.

"Nakala ya akiba iko wapi?"

"Kwenye diski."

"Diski iko wapi?"

"Imechomekwa kwenye seva." (Sikuwahi kuichomoa hata siku moja, nayo ikafungwa humo humo.)

Akampigia mtaalamu wa Kigoma mjini, akaweka sauti ya nje, na yule bwana akauliza watu wote wakisikia: "Programu hiyo wenyewe walishaitelekeza, nani tena kaianika mtandaoni?"

"Si huyo wa kwenye matuta!" nesi mmoja akasema, na benchi zima likacheka, hata mzee aliyekuwa anatundikiwa dripu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Evelina hakucheka. Alikuwa amekaa na binti yake, wote wamevaa nguo za kanisani, wakangoja watu wapungue.

"Hakuna mahali pengine palipoandikwa?" akaniuliza.

"Hakuna, mama."

"Maisha yangu yote naulizwa nimetoka wapi. Huyu nilijua hataulizwa."

Mafaili hayajarudi mpaka leo, Ijumaa ikapita, nafasi akapewa mwingine, na sasa wanazunguka na viapo na mashahidi ofisi hii na ile. Seva mpya ipo, ukurasa wake wa usimamizi haufunguki nje ya hospitali, diski ya akiba nachomoa kila jioni na kuifungia kabatini, na siku ya kuhama toleo nafunga mfumo hata mganga mfawidhi akinuna wiki nzima. Nimeapa sitamwambia tena mtu njoo Jumatatu kwa kazi ya nusu saa.

Juzi nilikwenda Titye kuomba radhi. Nilimkuta Evelina peke yake, analima mihogo. Nilitegemea anitukane, na ningefurahi.

"Shikamoo, fundi," akasema, akaniachia njia nipite, kama mpita njia yeyote.