Mfupa wa Koo la Mama

Siri ya mtungi aijuaye kata, na Fumie alikuwa kata yenye mdomo. Vitabu vyake vyote, riwaya na insha, vilitoka katika mambo ya nyumbani kwao Kurayoshi. Wasomaji wa Tokyo walipenda hivyo: mwandishi avue nguo hadharani. Ila nguo alizovua Fumie zilikuwa za mama yake.

Mama alimsimulia jikoni, wakimenya figili, kwamba mwaka wa njaa baada ya vita alimtoa kitindamimba wake kwa watu, akapewa mchele. Fumie akaandika. Kitabu kikapata tuzo. Tangu hapo mama hakukanyaga tena bafu la mtaa, wanakooga wanawake wote pamoja na kusengenyana. Akawa anaogea jikoni, kwenye beseni, hata theluji ikianguka. Baridi ikamwingia mapafuni, ikamuua.

Sasa mama alikuwa mifupa juu ya sinia la chuma, bado ya moto kutoka tanuri la kuchomea maiti. Kwa desturi yao kila mfupa huokotwa na ndugu wawili kwa vijiti, pamoja, ukatiwa chunguni. Wenzake wote walipata wa kushika naye. Mbele ya Fumie hakusimama mtu. Alitaka kumwokota mama yake tu, basi, na hata hilo alinyimwa.

"Tetsuro," alimwita mdogo wake, "njoo tushike wote."

"Wewe si una kalamu? Okota nayo."

"Usinifanyie hivyo mbele ya watu."

"Leo ndio unaona haya mbele ya watu, dada?"

Fumie akainamisha kichwa. "Haya ya leo sitayaandika. Naapa kwa mama."

Tetsuro alimtazama sana, kisha akaja. Ulikuwa umebaki mfupa wa koo, unaookotwa mwisho, wenye umbo la mtu aliyeketi akisali. Wakaushika, wakauinua.

Fumie aliona ulivyo mwepesi, na rangi ya waridi iliyobaki pembeni. Midomo yake ikaanza kucheza. Tangu utotoni ilicheza hivyo kila sentensi ilipomjia, na Tetsuro alilala naye chumba kimoja miaka yote ile.

"Umeshaanza," alisema taratibu, akaachia vijiti vyake.

Mfupa ukaanguka, ukavunjika. Tetsuro akaokota vipande na mkewe. Fumie alibaki amesimama na vijiti mkononi, na sentensi kichwani, nzima, nzuri kuliko zote alizowahi kuandika.