Mistari Miwili ya Herlinda

Bahati nasibu ya serikali haichagui jasiri. Ilimwangukia Herlinda, muuza tamale, vitumbua vya unga wa mahindi vilivyofungwa majanini, wa kijiji cha Tlalmecate, milimani Guerrero, Meksiko, ikamfanya msimamizi wa kituo cha kura. Yeye, ambaye pikipiki ikinguruma nyuma yake hujitupa kichakani!

Kanuni alizishika zote, na moja ilimnyima usingizi: kituo kikifungwa jioni, kila karatasi ya kura iliyobaki ichorwe mistari miwili ya wino, ndipo sanduku lifunguliwe. Ikishachorwa haijazwi tena.

Wapiga kura wa mwisho walipoondoka, akaingia Crescencio, baba wa ubatizo wa bintiye Nayeli, bastola imetuna chini ya shati. Kila mtu alijua anamtumikia bosi wa genge lililotawala milima ile. Katibu wa kituo akaaga kwenda msalani, na huko msalani akapotelea.

"Mama Nayeli, hizo zilizobaki usizichore. Nipe mimi."

"Siwezi."

"Bosi anazingoja."

"Naogopa, Crescencio. Lakini kanuni inataka zichorwe."

"Kanuni ndiyo itakulelea mtoto?"

Herlinda aliishika kalamu kwa sababu hakuwa na kingine cha kushika, akachora. Mistari ilikwenda upogo, machozi yakimtoka, akingoja risasi. Haikuja. Crescencio alitazama mpaka karatasi ya mwisho, akatoka.

Kura zilipokwisha kuhesabiwa Herlinda alikimbia nyumbani. Gari la Crescencio lilikuwa mlangoni.

"Nayeli!"

"Usipige kelele, utamshtua," alisema Crescencio. Alikaa jikoni, mtoto amesinzia mapajani mwake. "Niliapa kwamba nitazipeleka. Watu wa bosi wameshajua sina kitu."

"Mungu wangu! Si ungeninyang'anya?"

"Ningekunyang'anya vipi, bila kukuumiza? Nifungie tamale za njiani, dada. Nyingi. Sijui nitalala wapi."

Herlinda alifunua sufuria. Mchana kutwa alimwogopa mtu huyu. Sasa alimwogopea, na hofu hii ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa bado anazifunga tamale, magari mawili yakasimama nje, taa zikazimwa.

Crescencio alimbusu mtoto kwenye paji la uso, akamkabidhi kwa mama yake.

"Funga mlango nyuma yangu," alisema, akatoka kabla waliokuwa nje hawajamwita.