Majina Matano ya Lukasi

Nesi aliyempa mwanangu dawa kwa miaka mitatu alinitazama usoni, akaniambia hamjui mtoto huyo.

Nikadhani ananitania. Filomena huyu huyu, aliyekuwa akimwita Catherine mkwe wake?

Ilikuwa mwaka 1996, Morogoro. Wiki tatu nyuma tulikuwa tumemzika mume wangu Lukasi, fundi wa kiwanda cha nguo. Mimi nilikuwa mama wa nyumbani, Mwembesongo. Sina kazi, sina bima. Tukiugua tunakwenda zahanati ya kiwanda, tunataja jina la Lukasi, yanaisha.

Catherine alikuwa na miaka saba na kifafa. Akimeza vidonge kila siku, utamkuta anaruka kamba na wenzake. Akikosa, anaanguka.

Nyumbani vilibaki vya siku mbili.

"Mama Catherine, siyo mimi," Filomena alisema kwa sauti ya chini. "Kiwanda kimeuzwa. Zamani tulitibu kwa kujuana, sasa ni orodha tu. Kamwone Mzee Hatibu, karani."

Nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

Akanieleza taratibu. Mfanyakazi akifa, watu watano aliowaandikisha wanaendelea kutibiwa mwaka mzima. Akafungua jalada, akasoma. Mama mzazi wa Lukasi. Dada yake Anastasia. Watoto watatu wa Anastasia.

Basi.

Mimi simo. Catherine hayumo.

"Niongezee jina moja tu, mzee wangu."

"Anayeruhusiwa kuongeza ni mwenye fomu."

"Mwenye fomu tumemzika."

"Najua, mwanangu. Nilikuwepo."

Nilitoka pale nimewaka. Kesho yake asubuhi nikafunga safari hadi Mkuyuni kwa wifi Anastasia. Nikamkuta anachambua maharage. Sikukaa hata kwenye kigoda. Nikamwambia amemlaghai kaka yake, amemnyang'anya mwanangu dawa. Majirani wote walisikia.

Hakunijibu kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Wifi, hiyo zahanati hata mlango wake siujui. Ningempa Catherine jina la mwanangu mmoja, lakini wangu wote ni wavulana."

Nikarudi mjini mikono mitupu.

Vidonge vikaisha. Siku ya pili bila dawa, Catherine alianguka jikoni, mkono wa kushoto ukaingia kwenye mafiga. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Nilisikia sufuria tu.

Hospitali walimfunga mkono vizuri. Dawa ya kifafa wakaniambia imekwisha, nikatafute duka la dawa. Nitafute kwa pesa gani? Nilikaa kwenye benchi nikalia kama mtoto.

Nikambeba mgongoni mpaka kwa Mzee Hatibu, na bandeji yake. Sikuwa na neno jipya la kumwambia. Nilitaka tu amwone.

Mzee akafungua tena lile jalada. Halafu akaigeuza fomu upande wangu. "Jionee mwenyewe, mwanangu, usije ukadhani nakuficha."

Nikaiona.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Lukasi alikuwa na mwandiko wa kuku, fomu zake zote nilijaza mimi. Siku ile alisema, "Andika mama, dada na wapwa zangu. Hao ndio ukoo wangu. Catherine ni wa ukoo wako, na Filomena si anamjua?"

Mimi ni Mluguru kama yeye. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na wa ukoo wa mwanaume ni mtoto wa dada yake. Sikuona kosa lolote. Nikaandika majina matano, yakanyooka vizuri, nikayasifia mwenyewe.

Catherine yu hai. Dawa zake alikuja kuzipata kwa masista, lakini ule mkono hadi leo haukunji ngumi. Wifi Anastasia alifariki kabla sijamwomba radhi, na Mkuyuni wengine bado wanamwita mnyang'anyi kwa maneno yangu.

Dada yangu unayelea watoto nyumbani, mumeo akiwa mzima na anacheka, mwambie alete hiyo orodha. Isomeni pamoja, jina kwa jina. Jina la mwanao lisipokuwepo, usijifariji kwamba kule wanamjua. Waliomjua wa kwangu walimjua kwa sababu baba yake alikuwa hai.