Waya wa Kushoto

Fundi Nyaya alikuwa na majivuno, na tusimsingizie, alikuwa na haki nayo. Nyaya za kuunganisha deki na amplifaya hakununua hata siku moja. Alizitengeneza mwenyewe: akachuna ganda, akausokota wavu wa shaba, akaulehemu kwenye pini kwa tone dogo la risasi. Zile za dukani aliziita kamba za kuanikia nguo. Mteja akimletea, alizishika kwa vidole viwili na kumrudishia.

Lakini kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili. Yeye alikuwa mikono, mkewe masikio. Jozi ikikamilika, mama alivuta kiti katikati ya spika mbili, akafumba macho, na fundi akainama nyuma ya amplifaya akibadilisha nyaya. Mama akisema "hii", basi ndiyo hiyo, hakuna rufaa. Alizifunga uzi mwekundu kutoka kikapu chake cha kushonea na hapo zimepita. Fundi alipotaka kukikalia kile kiti, mama alimfukuza, akisema suruali yake imejaa risasi na kitambaa cha kiti hakifuliki. Fundi alicheka akarudi nyuma ya amplifaya.

Sauti ya majaribio pia ilikuwa ya mama, kwenye kaseti waliyoirekodi wenyewe. Kwanza alisema "kulia", ikasikika spika ya kulia peke yake, halafu "kushoto", ikasikika ya kushoto. Siku ya kurekodi mama alikaa chumbani na maikrofoni, mlango umefungwa. Fundi alikuwa sebuleni, hedifoni masikioni, macho kwenye sindano za deki zinazopima sauti ya kila upande. Sindano zote mbili zilicheza, akaridhika. Na kila walipojaribu nyaya, mama aliizima kaseti mara tu baada ya neno la kushoto. Alisema inatosha.

Kisha mama akaugua kifua, akalazwa. Asubuhi aliagiza aletewe chai isiyo na sukari nyingi; jioni kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

Fundi hakutaka picha. Binti yake, mtoto wao wa pekee, alimletea sauti za mama zilizobaki kwenye simu, naye akazikataa, akisema zile ni za mtu aliyebanwa pua. Alikuwa na waya mzuri aliouficha kabatini miaka mingi akisubiri kazi ya kuustahili. Sasa kazi imepatikana. Angetengeneza jozi moja ya mwisho, aweke ile kaseti, amsikie mkewe akiwa mzima, kama yupo pale sebuleni.

Jozi ilipokamilika aliwasha deki, akakikalia kile kiti cha mama. "Kulia," alisema mama, na fundi aligeuka kumtazama. Roho ilimruka kwa jinsi alivyokuwa karibu. Kisha likaja neno la pili, hafifu, kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Fundi alizima deki papo hapo, akaushika waya wa kushoto na kuukata pini.

Alilehemu upya. Ikawa vilevile. Akakata tena, akalehemu tena, huku akimwomba mkewe radhi kwa kumharibia sauti. Waya ulizidi kuwa mfupi mpaka ikabidi deki ipandishwe juu ya amplifaya. Binti alipopita kumwangalia alimwambia, kwa upole, kwamba anazisikia spika zote sawasawa. Fundi alimjibu kwamba vijana wa siku hizi masikio yao yameshaozeshwa na simu. Binti akaenda kuosha vyombo.

Waya ulipokaribia kwisha ndipo alipokumbuka alichowaambia wateja maisha yake yote: badilisha pande, uone ubovu unahamia wapi. Alibadilisha nyaya. Ubovu ulibaki kushoto. Akabadilisha spika, akaleta amplifaya ya zamani, akaleta deki nyingine. Ubovu uling'ang'ania palepale. Alisimama katikati ya vyombo vyake amechoka, na kitu kimoja tu kilikuwa hakijageuzwa. Akakigeuza kiti, akakaa akitazama ukuta, spika zikiwa mgongoni, ile ya kushoto sasa kuliani kwake.

Sasa "kulia" ndiyo iliyofifia. Fundi alishika kichwa. Hakuizima kaseti, nguvu za kuinuka hakuwa nazo, na ikaendelea.

"Kushoto," alisema mama, wazi kabisa. Halafu akashusha sauti. "Sikio lako la upande huu limekufa, fundi wangu. Najua, na najua hapa hunisikii. Ukiambiwa utaacha kazi, na ukiacha kazi utakwisha. Basi usijali. Mimi nitakaa kulia kwako."

Ni kweli, alikaa kulia. Mezani alikaa kulia, na kitandani upande wa kulia ulikuwa wake. Njiani alikuwa akimzunguka mumewe mbiombio kama amesahau kitu, na fundi alimtania mbele ya watu kwamba mke wake hajui kutembea. Mama alicheka naye, akajitia hamnazo, na maneno yake akayamimina kwenye sikio zima. Fundi alikuwa amejidhani mtu mwenye masikio mawili, kumbe la pili lilikuwa mkewe.

Binti alimkuta bado ameelekea ukuta, uso umelowa. Alimwita akiwa mlangoni, upande wa kushoto, na baba hakugeuka. Akaja akazunguka, akavuta kigoda ili akae karibu naye, mkono wa kulia.

"Usikae hapo, mwanangu," alisema fundi. "Hapo ni pa mama yako."

Binti alikaa upande wa pili. Akaongea naye muda mrefu, na baba yake hakusikia.