Kupanda Pugu kwa Cc Mia Sita na Sitini

Nilinunua kigari chenye injini ya cc mia sita na sitini kwa sababu nilikipenda, na tangu siku hiyo nimeishi kama mwanamke aliyeolewa na mume ambaye ukoo mzima haumtaki.

Mtaani kwetu Temeke ukubwa wa injini ni jambo la heshima. Watu hawakuulizi gari lako ni zima au bovu. Wanauliza cc ngapi, ukishawatajia wanakuangalia kwa huruma. Jirani mmoja, muuza mbao, alikizunguka kigari changu mara mbili akasema, "Sista, hii si ndo injini ya kirikuu?" Kirikuu ni vile vipikapu vidogo vinavyobeba magodoro na mitungi ya gesi mji mzima. Nikamjibu kwamba ndiyo, ukubwa ni huohuo, na kirikuu zikigoma siku moja tu nusu ya Dar italala sakafuni. Akacheka sana. Mie sikuwa natania.

Aliyenielewesha ninachomiliki ni fundi wangu wa Kiwalani. Gereji yake iko karibu na uwanja wa ndege, kwa hiyo kila akifika kwenye jambo la maana ndege inapita juu na inabidi aanze upya. Nilimpelekea gari nikilalamika kwamba halina nguvu. Akaliendesha mpaka mwisho wa barabara na kurudi, akashuka anacheka.

"Dada angu, gari halina tatizo. Tatizo ni mguu wako," akasema. "Mama chapati mwenye kikaango kikubwa anageuza taratibu na watu wanakula. Mwenye kikaango kidogo akitaka kulisha foleni ileile, ageuze harakaharaka. Wewe una kikaango kidogo halafu unageuza taratibu. Watu watashiba saa ngapi?"

Akanieleza kwamba pistoni za kigari changu ni nyepesi na zinakwenda safari fupi, juu na chini, ndiyo maana injini inaweza kuzunguka mara elfu nane kwa dakika bila kuumia. Chini ya elfu nne bado imelala. Nguvu zote zimewekwa juu, karibu na ule mstari mwekundu kwenye saa ya mizunguko. "Mstari ndo mpaka wa shamba," akasema. "Huku ndani kote ni kwako. Lima." Ndege ikapita, akarudia tena yote, nami nikasikiliza mara ya pili kwa furaha ileile.

Basi nikaanza kulima. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji Mikocheni, na asubuhi moja kwenye taa nilijikuta nimesimama sambamba na gari kubwa jeusi, la wale matajiri wa Msasani, lenye cc zisizopungua elfu nne. Taa ilipowaka kijani niliivuta gia ya kwanza mpaka mshale ukagusa elfu nane, nikachanganya ya pili, nikaivuta vilevile. Injini ilipiga kelele mpaka muuza karanga akaruka mtaro. Nilimwacha yule bwana kwa nguzo tatu za umeme. Baada ya nguzo ya tatu akanipita, mkono mmoja kwenye usukani, simu sikioni, wala hakujua kama tulikuwa tunashindana. Hata hivyo nguzo tatu ni nguzo tatu, na nilifika kazini nimechangamka kutwa nzima.

Mtu mmoja tu sikuweza kumweleza habari hizi, naye ndiye aliyenifundisha kuendesha.

Baba yangu aliendesha malori ya dizeli mpaka Tunduma kwa muda mrefu kuliko umri wangu. Injini alizozijua yeye zilikuwa kubwa, zinavuta chini, na dereva aliyeziacha zipige kelele alionekana hana adabu. "Gari haipigishwi kelele," alinifundisha. "Ukisikia inapiga kelele, ujue inakutukana." Kila akipanda kigari changu alikuwa anasikiliza badala ya kuangalia barabara. Mshale ukifika elfu mbili na nusu tu, anasema, "Changanya." Nikichelewa kidogo anaugonga mkono wangu kwenye gia, kama bado niko mwanafunzi wake. Nilijaribu mara moja kumwambia habari ya kikaango. Akaniuliza huyo fundi amewahi kupanda mlima wa Kitonga na tani thelathini. Nikachanganya gia, maana fundi hajawahi, nami sijawahi, na mwenda pole hajikwai. Miaka minne tukaenda hivyo: peke yangu nalima, nikiwa na baba nabembeleza.

Kisha shangazi akafariki.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, na ndiye aliyemlea baada ya bibi kutangulia. Aliuza kuku wake wote ili mdogo wake akasomee leseni, na hakuwahi kumkumbusha, jambo ambalo kwa ukoo wetu ni karibu muujiza. Simu ilikuja baada ya sala ya alfajiri kutoka Kisarawe. Maziko baada ya adhuhuri. Binamu yangu, mtoto mkubwa wa marehemu, aliomba jambo moja: mjomba ndiye ashuke kaburini kumpokea dada yake. Mwanamke hupokelewa na watu wake wa damu, na wa karibu kuliko yeye hakuwepo. Baba aliisikiliza simu amesimama, akasema, "Nitashuka mwenyewe," akaenda kuoga.

Tungeweza kuondoka saa mbili. Tuliondoka saa nne, kwa sababu safari ni safari, na baba hakubali gari litoke mjini bila yeye kukagua maji, oili na upepo wa kila tairi pamoja na lile la akiba. Gongo la Mboto foleni ikatumeza. Tulipofika mahali vilima vya Pugu vinapoanza, saa sita ilikuwa imekaribia, na bado muda ulitutosha kabisa. Nasisitiza hili. Muda ulitutosha.

Nikashusha gia nianze kupanda. Mshale ukaruka elfu tano, kigari kikachomoka.

"Changanya," akasema baba.

"Baba, mlima huu..."

"Changanya, mwanangu. Usiliue gari siku ya msiba."

Mie nina hasira za karibu, kila anayenijua atakwambia. Lakini mtu aliyefiwa na dada yake alfajiri huwezi kumbishia adhuhuri. Nikaweka gia ya tatu, kisha ya nne. Injini ikaishiwa, kigari kikaanza kutetemeka, mwendo ukashuka mpaka waenda kwa miguu wakawa wanatuangalia usoni. Nyuma yetu nikasikia kelele kama ya nyigu kwenye kopo. Ilikuwa kirikuu, imepakia viti vya plastiki na turubai mpaka juu, vijana wanne wameketi juu ya mzigo. Dereva aliipandisha kwa gia ya pili, injini inapasua anga, akatupita kwa honi ya adabu. Injini ileile. Cc zilezile. Viti labda mia.

"Huyo hiyo injini haimfikishi Ramadhani," baba akasema.

Kwa ule mwendo wa kuburuzwa, saa ya joto ikaanza kupanda. Baba aliiona kabla yangu, na uso wake ukapata utulivu wa mtu aliyerudi kazini kwake. "Simama pembeni. Tuipe pumzi." Hivyo ndivyo walivyofanya wenye malori wa zama zake: mlimani unasimama, unafunua boneti, unakaa kivulini mpaka chuma kitulie. Walikuwa sahihi, kwa malori yale. Nikasimama. Baba akafunua boneti, akaitazama injini yangu, ambayo ingetoshea kwenye ndoo, akakunja mikono nyuma akasubiri.

Nilimwambia tena, kwa upole niliouazima sijui wapi, kwamba haijachoka, inataka tu kuzungushwa. Nilimwambia tunachelewa. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikatembea mpaka kwenye mti nikarudi. Zilipita dakika ishirini. Adhana ikasikika kutoka msikiti wa juu ya kilima, na baba akaitazama saa yake kwa mara ya kwanza. Akafunika boneti kwa mikono miwili, polepole, akaingia garini, na vilima vilivyobaki tukavipanda kwa gia ileile ya nne.

Tulipofika, wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, suruali zimekunjwa, udongo mwekundu mikononi. Baba akashuka. Alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe, safi kabisa, na katika kundi lile la watu wenye udongo usafi ule ulionekana vibaya. Binamu yangu akaja akamshika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mjomba. Tumewangoja. Shehe akasema maiti hasubirishwi. Nimeshuka mie na mdogo wangu."

"Marhaba," akasema baba.

"Mmekwamia wapi?" binamu akauliza.

Watu wakasogea kusikia. Baba akaanza kukunja mikono ya kanzu yake, kisha akaikunjua. Huyu ni mtu ambaye kwa miongo mitatu hakuwahi kufikisha mzigo ukiwa umechelewa, ambaye sifa yake yote duniani ni kwamba anaijua barabara. Nilimwona akitafuta jibu, na jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa la kweli.

"Ni hiki kigari changu, kaka," nikasema mie. "Kimetuaibisha. Mlimani kimekataa kabisa. Cc mia sita na sitini, Pugu kitaipandaje?"

Dereva wa ile kirikuu, kumbe viti vilikuwa vya msiba wetu, alikuwa ameegemea nguzo ya turubai, anakunywa maji. Alituona mlimani, anajua alichopakia na alivyopanda. Akaniangalia, akaangalia kanzu ya baba, akanywa maji yake.

Msibani kwetu Wazaramo hawakosekani watani, na mtani Mnyamwezi huwa hasubiri matanga yaanze. Mmoja alikuwa amesikia. Akatafuta kamba ya mbuzi, akaifunga ncha moja kwenye bampa ya gari langu, nyingine kiunoni mwake, akaanza kulivuta uwanjani huku akiomboleza: "Jamani nisaidieni, Wazaramo wamenunua gari la kusukumwa na upepo! Mjomba wa watu kaletwa na feni!" Kina mama waliokuwa wanalia wakaangua kicheko, na ndiyo kazi ya mtani, kumpa mfiwa nafasi ya kupumua. Nilicheka na wenzangu. Kwa hasira yangu yote, miaka minne nikikitetea kigari kile kwa wauza mbao na mabwana wa Msasani, nilisimama pale nikasema, kweli kabisa, mtani, ni feni.

Mpaka leo kila shughuli ya ukoo hadithi ile inasimuliwa, na mtoto aliyezaliwa juzi ataikuta. Hakuna aliyewahi kuisahihisha.

Baba hakucheka. Alikwenda makaburini peke yake, akachukua udongo, akauongeza juu ya udongo wa wengine. Niliona kwa mbali, maana sie wanawake hatukwenda.

Tuliondoka baada ya alasiri. Pugu ina vilima pande zote, hata ukirudi mjini unapanda kabla hujashuka. Kwenye kilima cha kwanza nikaweka gia ya nne, kama nilivyofundishwa, na kigari kikaanza kutetemeka. Baba alikuwa amegeukia dirishani, pindo la kanzu yake sasa lina udongo.

"Endesha unavyojua, mwanangu," akasema.

Kauli hiyo niliisubiri miaka minne. Nilikuwa nimeshapanga mpaka jinsi nitakavyotabasamu. Ilipokuja nilitamani airudishe, achukue na kigari chenyewe, apewe zile dakika ishirini.

Nikarudi gia ya pili nikakanyaga mpaka mwisho. Mshale ukapita elfu saba. Kilima kilichukua dakika moja na nusu. Najua, kwa sababu sote wawili tulikuwa tunaitazama saa ya baba.