Ushauri Mbaya Niliompa kwa Makusudi

Siku niliyomkuta mama yangu ameketi mlangoni, telefone mkononi, anatafuta karanga zake kutoka Kabambare zimefika wapi, bila kuniita nimsaidie, wivu ulinishika vibaya. Mama anasoma kwa shida. Tovuti ya shule niliyoitengeneza mimi hakuwahi kupita ukurasa wake wa kwanza. Lakini hii ya chama cha wachukuzi, wale wanaoleta mizigo Kasongo kwa pikipiki, aliibonyeza mara moja tu, akacheka.

«Karanga yangu imeshavuka daraja,» akasema. «Kesho iko hapa.»

Nikamuuliza, «Na yangu, mama?»

«Ya kwako iko muzuri. Lakini inaniuliza vitu vyenye sijui.»

Aliyeitengeneza ile ya wachukuzi ni binti wa mama mdogo, aliyekulia Kabambare. Mimi nilisomea informatiki miaka mitatu Kindu, nina diploma ukutani. Yeye alijifunzia kwenye kompyuta, ordinateri ya zamani, katika ofisi alikokuwa akiandika barua za watu. Ananiita yaya, yaani mkubwa wake, kwa kuwa nimemzidi umri, na kila akiniita hivyo nilikuwa nasikia kama ananidhihaki, ingawa hakuwa na tabia hiyo.

Baadaye alikuja Kasongo, matope hadi magotini, kunionyesha ukurasa mpya kabla ya kuupeleka kwa chama. Alinieleza anavyofanya kazi: anawapa akina mama wa sokoni telefone, ananyamaza, kisha anaandika kwenye daftari mahali ambapo kidole cha mtu kimesita.

«Yaya, wewe umesoma,» akasema. «Angalia, uniambie yenye haiko sawa.»

Nilitafuta kosa kwa bidii, sikuliona. Ukurasa ulikuwa na maswali matatu makubwa basi: Muzigo yangu iko wapi. Pikipiki inatoka siku gani. Njia iko namna gani. Mtu asingeweza kupotea hata akitaka. Tovuti yangu ilikuwa na vichwa vinane juu, na chini ya kila kichwa vingine, na picha za mkurugenzi wa shule zikipishana. Matokeo ya wanafunzi niliyaweka ndani ya Elimu, kisha ndani ya Tathmini. Wazazi waliendelea kuja kwa miguu kusoma karatasi iliyobandikwa ukutani.

Nikamwambia kwa sauti ya mwalimu, «Hii iko ya kitoto. Chama kikubwa kinataka picha. Na hayo maswali yako, yaweke yote ndani ya neno moja: Huduma.»

«Mutu atajua muzigo yake iko ndani ya Huduma?»

«Atajua. Ndivyo wanavyofanya kwingine.»

Aliandika yote. Sifichi kwamba moyo wangu ulisikia utamu.

Haukupita mwezi, watu wakaanza kulalamika. Picha zilichelewa kufunguka kwa mtandao wetu huu, na neno Huduma hakuna aliyelibonyeza. Wakarudi kuwapigia wachukuzi simu wakiwa njiani, na chama kikamwita binti huyo, kikamgombeza mbele ya watu. Nilifurahi nusu siku. Kisha nikamsikia mama akimhurumia, «Masikini, mutoto yule na akili yake yote,» nikamwonea wivu hata kwa ile huruma.

Binti huyo akaja tena. Nilimkaribisha chai, hakuigusa.

«Yaya, nikuulize. Ulinipa shauri mubaya kwa kusudi, ao haukujua?»

Nikisema kwa kusudi, nimepoteza ndugu. Nikisema sikujua, diploma yangu si kitu. Nilitazama pembeni.

«Sikujua.»

Akashusha pumzi, uso ukamfunguka. «Basi nilikuwa nakuzania vibaya. Unisamehe. Kesho twende soko, nikuonyeshe.»

Ningekataaje? Kesho yake nilikuwa kwenye kigoda, nyuma ya mama mmoja muuza samaki wa kukausha, aliyekuwa akitafuta matokeo ya mtoto wake katika tovuti yangu. Alizunguka kwenye picha, akarudi, akazunguka tena. Nikanyoosha mkono nimwelekeze. Binti wa mama mdogo akaushika.

«Acha, yaya. Angalia tu.»

Mwishowe yule mama aliturudishia telefone. «Munisamehe,» akasema, «mimi sikusoma sana.» Aliniomba msamaha kwa kosa langu mimi.

Vichwa vinane nikavipunguza hadi viwili, na matokeo nikayaweka mbele kabisa. Wazazi wakayaona. Mkurugenzi alinishukuru mbele ya walimu, nikainamisha kichwa kwa adabu, na sikumtaja aliyenifundisha. Yeye alikwisharudisha maswali yake matatu, na wauza samaki wa Nyangwe nao wakamwomba awafanyie ya kwao. Habari hiyo nilipoisikia, niliumia kama zamani.

Ukweli sijamwambia bado. Juzi alinitumia ukurasa huo wa Nyangwe niutazame. Niliutafutia kosa, na safari hii lilikuwepo: mtu akishaona bei ya samaki, hana njia ya kurudi mwanzo. Niliweka telefone chini, nikafagia uwanja, nikaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu sana. Kisha nikakaa, nikamwandikia kosa liko wapi.