Kasto Aliponyamaza Shambani

Wadogo zangu, nisameheni mwandiko mbaya na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu ni mzito. Ila nikinyamaza, nahofia maneno ya bibi yetu yatapotea.

Ulikuwa msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, kule mashambani Mofu. Mpunga ukianza kukomaa, kila mtu hupanda kwenye dungu lake, kibanda cha juu ya miti, akapiga kelele tangu alfajiri. Kaka yangu Kasto akanyamaza. Alikaa tu na kombeo mkononi, ndege wakila mbele ya macho yake. Chakula hagusi, usingizi hapati.

"We Kasto!" Mama Rehema wa shamba la jirani akafoka. "Umewaoa hao ndege? Wakishiba kwako wanahamia kwangu!"

Watu wakacheka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baba akasema ni uvivu. Lakini mimi Kasto alikuwa ameniambia, "Bora nisingeamka leo." Niliogopa sana. Nikakimbia kwa bibi.

Bibi akaja, akapanda dungu kwa shida. "Mume wangu, umenisusa?" akamtania. Kasto akalia kama mtoto.

Bibi akamgeukia baba. "Mwanangu, angekuwa na malaria ungemwita mvivu? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mpunga tutapanda mwakani. Huyu nitampanda wapi?"

Tukampeleka zahanati. Nesi hakushangaa. Alisema hiyo ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na wanaougua ni wengi, vijana kwa wazee. Wengi wao wanabaki nyumbani wakiitwa wavivu, au wakisemwa wamerogwa. Tuliporudi na dawa za Kasto, Mama Rehema alinivuta pembeni, akanong'ona: "Hiyo dawa wanampa na mtu mzima? Mimi tangu mume wangu afariki, usingizi siujui." Bibi akampeleka naye.

Basi, mwenzenu akinyamaza msimcheke. Mwulizeni kama amelala, kama amekula. Akisema hataki kuishi, msimfichie siri hiyo. Kaeni naye, mwiteni mtu mzima, mwende naye zahanati siku hiyo hiyo.

Kasto sasa anakula. Lakini msimu huu anataka kwenda shamba peke yake, nami sina raha. Nikimzuia, nitamwudhi, nikimwachia, sitalala.

Mungu awalinde, awape wa kuwasikiliza. Na kama kwenu yupo aliyepitia haya, niandikieni tafadhali. Mlimwacha aende, au mlikwenda naye?